Binti Mkimya Naye Aulizwe

Katika vijiji vyetu msichana mkimya husifiwa. Hajibizani na wazee. Hutii kila anachoambiwa. Watu husema, "Huyu amelelewa vizuri." Mara nyingi ni kweli. Lakini si kila ukimya ni adabu. Wako wasichana wanaonyamaza kwa sababu wana taabu, na hakuna aliyewauliza. Miongoni mwao wamo wasichana wenye usonji.

Usonji ni nini? Ni hali ya ubongo. Mtoto huzaliwa nayo. Mwenye usonji husikia, huona na huelewa mambo kwa namna iliyo tofauti na ya watu wengi. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema vizuri na hufaulu shuleni. Usonji hauletwi na uchawi wala laana. Hauletwi na chanjo. Hauletwi na malezi mabaya ya mama. Wala hauambukizi. Hakuna dawa ya kuuondoa. Lakini mtoto akisaidiwa hujifunza mengi na huishi kwa raha.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wenye hali hiyo. Wavulana walikuwa 8, wasichana 3 tu. Kwa miaka mingi baadaye, madaktari walichunguza zaidi wavulana. Basi dalili zilizojulikana sana zikawa zile za wavulana. Wasichana wengi wakapitwa. Hata leo wengi wao hugunduliwa wakiwa wamechelewa.

Kwa nini? Wasichana wengi wenye usonji huficha hali yao. Huwatazama wenzao na kuwaiga. Wenzao wakicheka, nao hucheka, hata kama hawakuelewa kilichochekesha. Kazi hiyo huchosha. Ni kama kubeba ndoo ya maji kichwani kutwa nzima bila kuitua. Jioni msichana akifika nyumbani, ndipo anapoitua. Hulia, hupiga kelele, au hujitenga asiseme na mtu. Mwalimu husema, "Shuleni hana tatizo lolote." Mama husema, "Nyumbani ana taabu kubwa." Watu humlaumu mama kuwa anamdekeza mtoto. Kumbe wote wawili wamesema kweli. Mmoja ameona mzigo ukibebwa. Mwingine ameona ukituliwa.

Na hapa kwetu ni rahisi zaidi kumkosa msichana huyu. Kutowatazama watu usoni kunaweza kuwa dalili ya usonji. Lakini msichana akiinamisha macho mbele ya wazee, sisi tunasema ana heshima. Dalili tumeiona, tukaisifu, tukaenda zetu.

Wako wanaosema, "Mchapeni, ataacha kiburi." Mimi sikubaliani nao. Fimbo haimfundishi mtoto kuzoea kelele za mashine ya kusaga. Humfundisha kuficha kwamba kelele hizo zinamuumiza. Na taabu inayofichwa haiishi. Hugeuka hofu, huzuni, kukosa usingizi na kukata tamaa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Liko jambo kubwa zaidi. Wengi wenye usonji huyachukua maneno kama yalivyosemwa. Tukimwambia binti, "Mtii kila mtu mzima," atamtii hata mtu mwenye nia mbaya. Shangazi na makungwi hufundisha kwa mafumbo. Binti huyu atabaki na fumbo, bila maana yake. Kwa hiyo mambo ya kuvunja ungo aelezwe mapema na waziwazi. Aambiwe kwamba damu itatoka, kwamba si ugonjwa, na aonyeshwe namna ya kujihifadhi. Aambiwe kwamba mwili wake ni wake. Aambiwe kwamba anaweza kukataa kushikwa, hata na mtu mzima. Atajiwe kwa majina watu wawili au watatu wa kuwaendea akitishwa au akiguswa vibaya. Wengine watasema tunamfundisha utovu wa adabu. Mimi nasema adabu isiyomlinda mtoto haifai.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tumuulize, kisha tungoje jibu. Asiyeweza kusema anaweza kuonyesha kwa kidole au kwa picha.

Pili, tumweleze mapema mambo yatakayobadilika. Kwa mfano: "Kesho tutakwenda msibani. Watu watakuwa wengi, na watalia. Ukichoka, utakaa nyuma ya nyumba na dada yako."

Tatu, tusimlazimishe kuwa na kundi la marafiki. Rafiki mmoja mwema anaweza kumtosha. Kama anapenda habari za kuku, na aongee habari za kuku. Hapo ndipo urafiki unapoanza.

Nne, tukiona dalili tumpeleke zahanati. Tueleze yote tunayoyaona nyumbani. Tuombe kuelekezwa kwenye hospitali kubwa. Tumweleze na mwalimu. Nchini Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake. Haki hiyo ni ya msichana mwenye usonji pia.

Ndugu msomaji, kuuliza hakuhitaji fedha. Hakungoji mfadhili wala mgeni kutoka wilayani. Katika nyumba yako, au nyumba ya jirani, huenda yupo binti ambaye kila mtu anamsifu kwa ukimya wake. Msifu pia siku atakaposema kinachomuumiza.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini mwalimu na mama waliona mambo tofauti kwa mtoto yule yule?
2. Je, kumfundisha binti kukataa kushikwa ni utovu wa adabu? Toeni sababu zenu.
3. Katika kijiji chetu, binti mwenye taabu anaweza kumwendea nani?