Friza Isiyogandisha: Gesi Haiishi, Huvuja

Kambi ya Dzaleka, iliyo katika Wilaya ya Dowa nchini Malawi, kilometa zipatazo 45 kaskazini mwa Lilongwe, ni miongoni mwa sehemu ambapo Kiswahili husikika sokoni kutwa kucha. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Askari wa Tanzania waliotumikia mashariki ya Kongo, bega kwa bega na wenzao wa Malawi na Afrika Kusini, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013, wanazifahamu vema nchi walikotoka wengi wa wakazi hao.

Mkimbizi nchini Malawi amewekewa mipaka mikubwa ya kufanya kazi nje ya kambi. Kwa sababu hiyo familia nyingi za Dzaleka hutegemea biashara ndogo ndogo za humo humo. Pale ambapo umeme umefika, friza moja huweza kulisha nyumba nzima: mama huuza maji baridi, barafu za mifuko, na samaki wa Ziwa Nyasa, ambalo Wamalawi huliita Ziwa Malawi. Friza hiyo ikikataa kugandisha, kinachoyeyuka si barafu tu, bali karo ya watoto na unga wa kesho.

Mambo ni hayo hayo katika nyumba za Lilongwe na katika makambi ya askari kote Afrika Mashariki. Na kila mahali, jirani wa kwanza kuja kutazama husema: "Gesi imekwisha." Maneno hayo mawili yamewatia watu hasara nyingi. Gesi ya friza haitumiki ikaisha, kama mafuta ya taa yaishavyo katika kibatari. Imefungiwa ndani ya mabomba yasiyo na mlango. Ikiwa imepungua, imepita mahali, pana tundu. Anayejaza gesi bila ya kulitafuta tundu hilo anateka maji kwa pakacha.

Friza hufanyaje kazi?

Friza haitengenezi baridi, bali hulitoa joto lililomo ndani na kulitupa nje. Kompresa, ile mashine nyeusi iliyo chini upande wa nyuma, huisukuma gesi kwa nguvu katika mabomba ya mgongoni au yaliyofichwa ubavuni. Humo gesi hupoteza joto lake na kugeuka majimaji. Kisha majimaji hayo hupenya katika mrija mwembamba sana ambao mafundi huuita kapilari. Yatokapo upande wa pili na kukuta nafasi pana, huchemka na kuwa gesi tena. Na katika kuchemka huko hulinyonya joto la nyama, la maji na la samaki. Gesi hurudi kwenye kompresa, na safari huanza upya. Friza nzima huweza kwenda hivyo kwa miaka mingi bila ya kuongezewa hata gramu moja.

Yachunguzwe kwanza yasiyo na gharama

Kabla ya kumwita fundi, mwenye friza hana budi kuhakikisha kwamba kosa si dogo. Ageuze kidole cha baridi aone kama kimewekwa mahali pake. Afunge mlango huku ameubana ukurasa wa karatasi, kisha auvute. Ukitoka bila ya kushikwa, mpira wa mlango umechoka na joto linaingia. Aitazame nafasi ya nyuma: friza iliyobanwa ukutani, au ambayo mabomba yake ya mgongoni yamevaa vumbi, haiwezi kulitupa joto. Na kama ndani barafu imeota unene wa vidole viwili, iyeyushwe kwanza.

Umeme nao ni wa kutazamwa kwa makini. Malawi hutumia umeme wa volti 230, lakini katika sehemu nyingi nguvu hiyo hupanda na kushuka, na kukatika kwa umeme ni jambo lililozoeleka. Mwezi Januari 2022, kwa mfano, tufani iitwayo Ana iliharibu kituo cha umeme cha Kapichira, chenye uwezo wa megawati 129.6, na nchi nzima ikaona giza. Umeme ukiwa dhaifu, kompresa hunguruma kwa sekunde chache, husikika mlio wa "tak", kisha hunyamaza. Baada ya dakika kadhaa hujaribu tena. Hiyo si dalili ya gesi kuvuja. Ni umeme, au ni kifaa cha kuwashia kompresa, au ni kompresa yenyewe.

Dalili za kuvuja

Friza inayovuja ina tabia zake. Kwanza, kompresa huzunguka usiku na mchana bila ya kupumzika, kwa maana kidole cha baridi hakipati ubaridi wa kukiamuru kizime. Pili, mabomba ya mgongoni au ubavuni, ambayo katika friza nzima huwa na joto la kuhisika kwa kiganja, huwa vuguvugu tu au baridi kabisa. Tatu, ugonjwa huja polepole: wiki ya kwanza barafu huchelewa, wiki ya pili samaki hulainika, wiki ya tatu maji hayagandi.

Dalili ya nne ndiyo isemayo kweli kuliko zote. Friza izimwe, vitu vitolewe, na barafu yote iachwe iyeyuke yenyewe. Ikaushwe kwa kitambaa, mlango ufungwe, kisha iwashwe. Baada ya saa moja mlango ufunguliwe na kuta zake za ndani zitazamwe. Katika friza nzima ukungu mweupe wa barafu huanza kuenea katika kuta zote zenye mabomba. Katika friza iliyopungukiwa na gesi, ukungu huonekana kipande kimoja tu, pale gesi iingiapo, na sehemu nyingine hubaki tupu. Ikiwa gesi yote imetoka, hapaonekani chochote ingawa kompresa inanguruma.

Lipo pia jaribio la sikio. Friza iliyokuwa ikifanya kazi ikizimwa, gesi iliyobanwa huendelea kupita kwenye kapilari kwa dakika kadhaa, na husikika ikifoka kama maji ya chai. Kimya kitupu ni ishara ya mabomba makavu, au ya kapilari iliyoziba.

Hapo ndipo uangalifu unapotakiwa, maana kuziba na kuvuja hufanana sura. Unyevu ukiwa umeingia katika mabomba, huganda mdomoni mwa kapilari na kuizuia gesi. Lakini friza ya namna hiyo ikizimwa hadi iyeyuke, ikiwashwa tena hugandisha vizuri kwa muda, kisha hukwama. Inayovuja haipati nafuu hiyo. Uchafu ulioziba kapilari, au kompresa iliyochoka, ni mambo ya kupimwa na fundi mwenye geji.

Tundu hukaa wapi?

Ndani ya mabomba, gesi husafiri pamoja na mafuta kidogo ya kompresa. Ipitapo gesi, mafuta huacha alama. Kwa hiyo tundu mara nyingi hujulisha mahali lilipo kwa doa la mafuta lililoshika vumbi, hasa kwenye viungo vilivyochomelewa na karibu na kichujio. Fundi hupaka povu zito la sabuni hapo na kungojea lipulize mapovu. Kazi hiyo hufanywa kompresa ikiwa imezimwa, kwa sababu inapozunguka, upande wa ndani wa friza huweza kuvuta hewa badala ya kuitoa.

Adui mkubwa wa mabomba ya ndani ni kisu. Mtu mwenye haraka ya kukwangua barafu hutoboa ukuta wa aluminiamu, husikia mfoko mmoja, na friza imekwisha habari yake. Barafu iyeyushwe kwa kuzima umeme na kuweka bakuli la maji ya moto ndani.

Adui wa pili ni safari. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe na miji mingine warejee Dzaleka, na watu wakahama na vyombo vyao. Familia za askari na polisi nazo zinaujua uhamisho. Friza iliyorushwa juu ya lori bila ya kufungwa huweza kupasuka viungo vya mabomba. Isafirishwe ikiwa imesimama. Na ikiwa imelazwa, iachwe imesimama usiku mzima kabla ya kuwashwa, ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Gesi si moja

Nyuma ya friza, au juu ya kompresa, pana kibandiko kinachotaja jina la gesi na uzito wake kwa gramu. Friza za zamani sana zilitumia R12, gesi iliyopigwa marufuku chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Baada yake ilikuja R134a. Friza nyingi mpya hutumia R600a, na hii ni ndugu wa gesi ya kupikia: inashika moto. Haina harufu ya kumwonya mtu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni.

Kwa hiyo, friza ya R600a ikitobolewa, pasiwashwe kiberiti, mshumaa wala jiko la mkaa. Pasiguswe swichi wala plagi iliyo karibu nayo. Milango na madirisha yafunguliwe, watoto watolewe nje, na umeme ukatwe kwenye swichi kuu iliyo mbali na chumba hicho. Katika vyumba vidogo, ambamo umeme ukikatika mshumaa huwashwa mara moja, jambo hili ni la uhai na mauti. Vile vile, asikubaliwe fundi anayetaka kujaza gesi ya mtungi wa jikoni. Friza iliyoundwa kwa R134a haikutengenezwa kuzuia cheche zisikutane na gesi inayowaka.

Maswali ya kumwuliza fundi

Fundi wa kweli hachukizwi na maswali. Aulizwe: tundu liko wapi, naye alionyeshe. Atalipima kwa nini baada ya kuliziba? Jibu sahihi ni naitrojeni kavu. Anayetaka kutumia oksijeni azuiwe, kwani oksijeni na mafuta ya kompresa hulipuka. Je, atabadilisha kichujio? Kila mfumo unapofunguliwa chapaswa kubadilishwa. Je, ana pampu ya kutoa hewa na unyevu wote? Na je, ataipima gesi kwa mizani, kufuata gramu za kibandiko? Friza ndogo ya R600a hudai gramu chache mno, na kukisia kwa sikio hakutoshi.

Kama tundu limo ndani ya ukuta uliojazwa sponji, fundi mwaminifu atasema mapema kwamba gharama huenda ikapita thamani ya friza. Maneno hayo ni machungu, lakini ni rahisi kuliko kujaza gesi mara tatu kwa mwaka.

Wakati fundi akingojewa, mlango usifunguliwe ovyo. Friza iliyojaa na kufungwa huhifadhi ubaridi kwa muda wa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Nyama au samaki aliyeyeyuka na kukaa katika joto kwa zaidi ya saa mbili asiuzwe wala asipelekwe mezani.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye friza, ufa huo huweza kuwa mdogo kuliko ncha ya sindano. Lakini ndimo gesi ya leo itakamopitia kesho, na fedha ya nyumba ikiifuata.