Kesho ya Buswelu

Mwaka 1969 John Mbiti, mwanachuoni wa Kenya aliyefundisha Makerere, alitoa kitabu cha Kiingereza juu ya dini na falsafa za Waafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika wa jadi hutazama wakati kinyume cha mtu wa Magharibi: wakati wake huelekea nyuma, na mbele yake hapana kitu ila miezi michache, au miaka miwili kwa wingi. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Kisha akaazima maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, yawe majina ya nadharia yake.

Hapana shaka nia ilikuwa njema. Wageni walidai kuwa Mwafrika hana falsafa, naye alitaka kuwajibu. Lakini jibu lake lilimpa Mwafrika falsafa likamnyang'anya kesho.

Hoja ya lugha ni dhaifu. Kiswahili kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Kina milele, na kiambishi -ta- kisicho na mpaka wa miaka. Tena, kukosa neno si kukosa wazo: Mwingereza hana neno moja la mtondo, wala hapana adaiye kwamba haioni siku hiyo.

Vitendo husema zaidi. Usukumani, wakati wa kiangazi, viazi vitamu hukatwa na kuanikwa viwe michembe, akiba ya njaa ambayo haijafika. Huko Buswelu, kando ya mji wa Mwanza, mtu hununua kiwanja akajenga msingi. Nyasi huota juu yake miaka mitano, naye hukusanya tofali baada ya tofali kwa nyumba ambayo huenda mwanawe ndiye atakayelala humo. Je, huyu upeo wake ni miaka miwili?

Dhana hii ina madhara. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa maendeleo Usukumani, na watu wakashurutishwa kupunguza ng'ombe. Mtawala aliona katika wingi wa ng'ombe upofu wa kesho. Msukuma aliona kesho yenyewe: kinga ya ukame na mahari ya wanawe. Walihitilafiana juu ya mahali pa kuweka akiba. Lakini asiyehesabiwa kuwa na kesho, wengine humpangia.

Mwanachuoni apimaye fikira za watu kwa vitenzi vyao na afunge kamusi kwa siku moja, akahesabu misingi ya Buswelu.