Mashine ya Kuchomelea Imeingia Nyumbani

Wengi wenu mmezoea kutukuta hapa tukizungumza juu ya mapishi, bustani na malezi. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza juu ya chuma.

Anayeufahamu mji wetu anajua kwamba Ifakara ni mji wa baiskeli. Mama wa hapa huenda shambani kwa baiskeli, sokoni kwa baiskeli, na kliniki kwa baiskeli. Keria ya nyuma hubeba gunia la mpunga, mkungu wa ndizi, kuni, na mara nyingine mtoto juu ya vyote hivyo. Keria ikikatika wakati wa mavuno, kazi ya nyumba nzima husimama. Kwa mafundi kuna foleni, na mpunga uko shambani unangoja ndege na mvua.

Msimu mmoja keria yetu ilikatika mara tatu. Mara ya tatu binti yetu, aliyekuwa nyumbani baada ya kumaliza kidato cha nne, alikaa mlangoni akipiga hesabu kwa kijiti mchangani. Kisha akatuambia, "Mama, hizi fedha tunazompelekea fundi kila mara, si tungenunua mashine yetu wenyewe? Mimi nitajifunza."

Baba wa nyumba hii hakujibu siku hiyo. Sisi pia tuliona ni mzaha. Lakini binti hakuacha kusema, na baada ya mavuno tulikaa chini sote watatu tukazungumza kwa makini.

Tulikuwa na magunia kumi ya mpunga ya kuuza. Shauri la kwanza lilikuwa kutumia fedha zote kununua mashine mpya. Tunashukuru kwamba kabla ya kufanya hivyo tulimwendea fundi mzee jirani yetu. Yeye alituambia neno ambalo tunataka kila mama anayesoma ukurasa huu alishike: "Bei ya mashine ni nusu tu ya gharama. Kama fedha yako inatosha mashine peke yake, basi bado hujawa na fedha ya mashine."

Nusu ya pili ni nini? Ni ngao ya uso yenye kioo cheusi, glavu za ngozi, viatu vilivyofungwa, waya mzito wa umeme, rodi (yaani vile vijiti vya kuchomelea), nyundo ya kubandulia gamba, brashi ya waya, na vyuma chakavu vya kuharibu wakati wa kujifunza. Basi tuligawa hivi: magunia matano kwa mashine ya mtumba, matatu kwa vifaa na umeme, na mawili kwa rodi na vyuma vya mazoezi.

Siku hizi mashine za mtumba zinapatikana kwa sababu mafundi wengi wanahamia kwenye mashine ndogo za inveta, ambazo ni nyepesi na hazili umeme mwingi. Wanauza zile nzito za zamani zenye transfoma ndani. Mashine ya transfoma si mbaya. Haina mambo mengi ya kuharibika, na fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza. Lakini kuna hila katika kuinunua.

Mashine ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa imepakwa rangi mpya, inang'aa kama sufuria ya harusi. Mwenye nayo aliiwasha, ikanguruma, akasema, "Mnaona? Nzima kabisa." Fundi mzee aliomba achomee rodi tatu mfululizo. Mwenye mashine akasema umeme ni ghali. Fundi akasema atalipia umeme. Mwenye mashine akasema ana safari. Hapo tukaaga.

Ile ya pili ilikuwa chafu na imekwaruzika, lakini mwenyewe aliiacha tuijaribu. Haya ndiyo aliyoyaangalia fundi mzee, nanyi mnaweza kuyaangalia:

Kwanza, alichoma rodi kadhaa bila kupumzika sana, kisha akanusa. Harufu ya kitu kilichoungua ni dalili kwamba nyaya za ndani zimewahi kupata moto au zinakaribia kufa. Pili, alifungua kifuniko wakati mashine imechomolewa kwenye umeme, akatazama kama nyaya zimesukwa upya, na kama ni za shaba au za alumini. Za alumini hupata moto upesi zaidi kama hazikuongezwa unene. Tatu, alizungusha mkono wa kuongeza na kupunguza ampea, kuona kama mwanga unabadilika kweli. Nne, aligusisha testa kwenye bodi ya nje, kuhakikisha kwamba umeme hauvuji. Tano, alisoma kibati cha mashine. Kilikuwa na alama ya asilimia 20. Maana yake, ukichoma kwa nguvu yake yote, katika kila dakika 10 unachoma 2 na kuipumzisha 8. Anayeidharau alama hiyo huua mashine yake mwenyewe, kisha hulaumu mtumba.

Tuliinunua hiyo.

Sasa umeme. Bonde letu limejaliwa. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975 na kina uwezo wa megawati 204. Kihansi, ulioanza kazi mwaka 2000, una megawati 180. Lakini umeme huo mwingi ukishafika kwenye nyumba ya mtu hupita katika waya mwembamba, na mashine ya transfoma huuvuta kwa pupa. Soketi ya kawaida ya ampea 13 haifai kwa kazi hiyo. Itayeyuka, au nyumba itashika moto. Tulimwita fundi umeme mwenye leseni akavuta waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, akaweka kikatio chake, akachimbia fimbo ya ethi ardhini. Kazi hiyo ilitugharimu karibu gunia moja na nusu, na hatukujuta.

Juu ya Luku tulikuwa na hofu kubwa. Fundi umeme alitupigia hesabu. Kwa rodi ndogo, mashine kama yetu huvuta kilowati 3 hadi 4 wakati mwanga unawaka. Yaani saa nzima ya mwanga unaowaka hula uniti 3 hadi 4. Lakini keria moja huhitaji dakika chache tu za mwanga. Muda mwingi ni wa kupima, kukata, kusafisha na kusubiri.

Mafunzo yalikuwa kila Jumamosi asubuhi. Siku ya kwanza binti alisema, "Shikamoo, fundi," fundi akaitika, kisha akacheka kidogo. "Binti, kazi hii ni ya wanaume." Akajibiwa kwa adabu kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia maelfu ya wanawake wa Marekani na Uingereza walichomelea vyuma viwandani, wakaunda meli. Fundi akanyamaza, akampa rodi. "Haya basi, tuone hiyo meli."

Wiki mbili za kwanza hakuwasha umeme. Alimfundisha kushika rodi na kuivuta taratibu juu ya mstari wa chaki, mkono usitetemeke. Baadaye akamwonyesha kuwasha mwanga kama mtu anavyokwangua kiberiti. Rodi ilinata kwenye chuma mara zisizo na hesabu. Vijiti vya mazoezi viliisha, tukanunua vingine. Gunia letu la tisa lilikwisha hivyo, na Baba akaanza kuguna.

Walitumia rodi za namba 6013 zenye unene wa milimita 2.5, kwa ampea 70 hadi 90, juu ya vipande vya flati bari. Fundi alisema ncha ya rodi iwe mbali na chuma kiasi cha unene wa rodi yenyewe, na sikio lisaidie jicho. Sauti nzuri ni kama kambale anayekaangwa katika mafuta ya moto. Ikikatika-katika au ikipiga kelele, kuna kosa. Kutu na rangi lazima viondolewe kwanza. Gamba linalofunika mshono libanduliwe kwa nyundo, macho yakiwa yamekingwa, maana huruka likiwa la moto. Kisha kila mshono aliuvunja kwa nyundo kubwa kusudi aone ndani. "Usiniletee mshono mzuri," alikuwa akisema. "Niletee usiovunjika."

Wapendwa, tungependa kuwaambia kwamba mambo yalikwenda vizuri tangu hapo. Hayakwenda.

Jioni moja binti alikuwa akifanya mazoezi uani, ngao usoni. Sisi tulikuwa jikoni. Hatukumwona mdogo wake wa miaka sita aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama ile nyota ya bluu. Usiku wa manane mtoto aliamka akilia kwamba ana mchanga machoni. Macho yalikuwa mekundu, yanatiririka machozi, hawezi kuyafungua. Tulidhani amepofuka. Hatutausahau usiku ule.

Jirani mmoja alishauri tumtie maziwa machoni, mwingine maji ya sukari. Hatukufanya lolote katika hayo. Tulimweka kitambaa safi cha maji baridi juu ya kope, tukafunga pazia, na alfajiri tukampeleka kwa mganga wa zahanati. Alitueleza kwamba mwanga wa kuchomelea huunguza ngozi nyembamba ya jicho kama jua linavyounguza mgongo, lakini maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana mtu hajui ameumia. Mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili. Asiyepata nafuu kwa muda huo arudi upesi. Mtoto wetu alipona siku ya pili.

Baba alisema mashine iuzwe. Binti hakubisha, alikaa kimya akilia. Sisi tulitafakari, tukaona kwamba kosa lilikuwa letu. Fundi alituambia tukinge macho, nasi tukakinga macho ya anayechoma tu, tukasahau yanayotazama. Tulimwomba Baba atupe mwezi mmoja. Tukanunua turubai zito, tukazungushia sehemu ya kazi. Sasa kabla ya kuwasha, binti hupaza sauti, "Macho!" na kila mtu uani hugeuka. Ngao yake ina kioo namba 10. Miwani ya jua ambayo vijana wengi hutumia barabarani haitoshi kabisa.

Jambo la pili latuhusu sana sisi wa bonde hili. Siku moja binti alichomelea bomba la mabati, lile lenye rangi ya fedha. Usiku akatetemeka kwa baridi, homa ikapanda, viungo vikauma. Nani wa Kilombero asingesema ni malaria? Alipimwa, haikuonekana. Mganga alipouliza kazi yake ndipo akatambua: moshi wa zinki iliyopakwa juu ya bati huleta homa ya namna hiyo, nayo hupoa yenyewe kwa siku moja au mbili. Kunywa maziwa, kama mafundi wengi wanavyoamini, hakuzuii. Dawa ni kuikwangua zinki ile kabla ya kuchoma, kufanya kazi mahali pa hewa, na kusimama upande ambao upepo unatoka. Hata hivyo, ndugu zetu, homa ya bondeni ipimwe kwanza. Asitokee mtu akaacha kupima malaria kwa kuwa ni mchomeleaji.

Tuna amri nyingine nyumbani kwetu. Wakati wa masika hakuna kuchoma juu ya ardhi yenye maji, maana mashine iliyowashwa hutoa volti 50 hadi 80 kwenye koleo hata kama haichomi. Nguo ziwe za pamba, na khanga isining'inie. Rodi hukaa katika kopo lenye kifuniko kwa ajili ya unyevu. Keria tunachomelea, fremu na uma wa baiskeli hatugusi, kwa sababu mabomba yake ni membamba, na uma ukikatika njiani mtu huanguka kwa uso. Na pipa au tangi lililowahi kukaa petroli, hata likiwa tupu miaka, halivuki geti letu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kama bomu.

Mwezi ule tuliopewa na Baba ulikwisha, na mashine ipo. Mavuno yaliyofuata keria yetu haikukatika. Binti alitengeneza nyingine kumi na moja za majirani, akarudisha magunia mawili ya mazoezi na sehemu ya lile la mashine. Hatujatajirika. Lakini sasa anataka kwenda kupimwa na VETA, ambao hupima na kutoa cheti kwa mafundi waliojifunzia nyumbani na mitaani. Nauli na ada anajiwekea mwenyewe katika kopo la rodi.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mama unayefikiria kumnunulia kijana wako mashine, au kujinunulia mwenyewe, fanya. Lakini anza kwa kuhesabu ile nusu ya pili, na katika hiyo nusu ya pili anza na macho, yake na ya wote walio uani.

Wiki iliyopita tulimkuta Baba amebeba keria ya rafiki yake, iliyokatika. Aliiweka mbele ya turubai, akageuka akatazama ukutani, akasema kwa sauti kubwa, "Macho!"

Tukutane mwezi ujao.