Acheni Kuchoma Mabua, Yatandazeni Kwenye Nyanya

Ndugu zangu wakulima wa nyanya wa Ilula, juzi nilisimama kando ya barabara kuu ya Iringa, nikamwona mnunuzi kutoka Dar es Salaam akigeuza nyanya za mama mmoja, moja baada ya nyingine. Kitako cheusi, kimebonyea. Akayakataa matenga yote. Mama yule akabaki juani na mzigo wake, na jirani na shamba lake moshi ulikuwa unapanda: watu wanachoma mabua ya mahindi!

Sababu ya kitako kuoza mnaijua. Leo tunamwagilia mpaka tuta linaelea, kisha zamu ya mfereji ikichelewa ardhi inapasuka. Maji yakiyumba hivyo, kalisiamu haifiki vizuri kwenye tunda, na kitako kinaoza.

Mabua yaleyale yangetandazwa chini ya mche, jua lisingeupiga udongo, unyevu ungekaa, magugu yangekosa mwanga. Matone ya mvua yasingerusha tope kwenye majani ya chini, ambako ugonjwa wa bakajani huanzia. Mdudu kantangaze haondoki kwa matandazo, nisiwadanganye. Lakini tunakopa fedha za dawa huku tunateketeza kinga ya bure! Usiku tunainuliana majembe mferejini kwa ajili ya maji ambayo mchana tunaliachia jua liyanywe. Hii ni aibu yetu sote, na watoto wetu ndio wanaokosa ada.

Kabla ya kiangazi kijacho, kila kitongoji kipange siku za kusaidiana kutandaza. Katakata mabua, mwagilia kwanza, kisha tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10. Acha wazi upana wa vidole vinne kuzunguka shina, lisije likaoza, na kagua mchwa mara kwa mara. Ukiongeza nyasi, zilizokwisha kutoa mbegu usizilete shambani. Wafugaji nao wana haki yao, maana mabua ni malisho ya mifugo yao. Tukae nao tukubaliane. Mkutano mkuu wa kijiji udai sheria ndogo ya kukomesha moto huu, na viongozi waisimamie kweli.

Nawasihi, msisubiri bwana shamba aje kuwaamuru. Mwenye kiberiti mkononi akirudishe mfukoni. Ukiona mwenzako anakusanya mabua ayachome, nenda kamzuie, kisha shika mzigo mmoja umsaidie kuupeleka kwenye matuta yake ya nyanya.