Makadara: Baiskeli Ipo, Njia Haipo

Ikitajwa Makadara, moyo wa mtu wa pwani huenda Mombasa. Ya leo ni ile ya Nairobi, mashariki ya mji, penye Kaloleni, Makongeni, Maringo na Jericho. Mitaa iliyojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na wa mji, ambao hakuna aliyedhani watamiliki motokaa.

Viwanda viko ng'ambo tu ya reli, mwendo mfupi kwa baiskeli. Hata hivyo kila asubuhi wafanyakazi huenda kwa miguu makundi kwa makundi, na wapanda baiskeli ni wa kuhesabika. Wapo wasemao ni fahari, ati baiskeli ni ya fukara. Fahari ipo, sikatai. Lakini atembeaye kilomita tano vumbini amebakiwa na fahari gani? Anachohofia ni roho yake. Katika Barabara ya Jogoo, iliyoitwa zamani Doonholm, matatu na malori hayampishi mtu, na kinjia cha kando hapa kipo, pale kimekaliwa na meza za mitumba na pikipiki.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ikiahidi asilimia 20 ya fedha za barabara kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Ahadi njema. Kilichoonekana kwa macho ni barabara ya kulipia ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo baiskeli haiikanyagi. Haikuwa ya kaunti, najua. Ila yaonyesha wakubwa wanatazama wapi.

Unguja mtu mzima hupanda baiskeli asidharauliwe. Dar es Salaam nako, mabasi ya mwendo kasi yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikwisha kuwekewa njia ya baiskeli ubavuni. Na mwanamke wa buibui, je? Mpe njia yenye ukingo, ndipo tutakapojua kama kilichomzuia ni haya au ni lori.

Basi fedha chache zikipatikana, zisianzie kwa matajiri wanaopanda baiskeli Jumapili kunyoosha viungo. Zianzie Jogoo na Lusaka: ukingo wa zege, taa, kivuko cha salama kwenye raundabauti ya City Stadium, na pa kufungia baiskeli malangoni mwa viwanda. Wenye meza nao wapewe pahala pao kwanza, la sivyo watairudia njia hiyo usiku uo huo.