Jasusi Ana Walimu Wangapi?

Mpwa wangu amepata nafasi ya kusomea umeme na kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi mjini Thika, na dada yangu akanitaka nimpeleke, maana kijana hajapata kuvuka Voi. Tulitoka Mombasa usiku, na asubuhi tukawa juu ya ile barabara kuu ya Thika. Tukapita Ruaraka, yaliko makao makuu ya majasusi wa serikali, tukapita Kahawa penye kambi ya jeshi, hata tukafika Ruiru. Hapo nikamwonyesha chuo wanakofunzwa askari jela wa nchi nzima. Kijana akafikiri kidogo, kisha akaniuliza: "Mjomba, askari jela wana Ruiru, polisi wana Kiganjo, wanajeshi wana vyuo vyao. Hawa majasusi nao hufunzwa na nani?"

Nilimjibu kwa mkato kwamba nao wana chuo chao. Lakini swali lile lilinikaa moyoni hadi nikarudi Pwani, na leo nataka kulijibu vizuri zaidi, kwani si swali la kitoto.

Huenda msomaji akasema, yatuhusu nini sisi ujasusi kusomeshwa? Ndugu yangu, yatuhusu sana. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilitoa ripoti yenye majina ya watu 81 wa Pwani waliouawa au kutoweka tangu mwaka 2012, na lawama likawawekea watu wa usalama. Wazazi walizunguka vituoni. Polisi wakasema hatunaye, na wengine wakasema si kazi yetu. Palipo na mikono mingi, kila mkono hunyoosha kidole kwa mwenzake. Nami naona chanzo cha maradhi hayo ni cha zamani, na katika historia yetu kimojawapo kilikuwa huko huko Thika na Ruiru.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Ikadhihirika mara moja kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa kipofu: haikujua Mau Mau ni nani, wako wangapi, wala wanakula wapi. Mwezi uliofuata akaletwa kutoka London Sir Percy Sillitoe, mkuu wa MI5, aje kushauri namna ya kuiunda upya Special Branch, yaani kile kitengo cha polisi cha ujasusi. Lakini polisi wenyewe hawakutosha. Basi likatolewa shauri: jeshi liwaazime polisi maofisa wake, wakae wilayani, wakusanye habari.

Mmoja wa maofisa hao alikuwa kijana wa miaka 26, Frank Kitson, aliyefika mwaka 1953 akapewa Kiambu na Thika. Hakuwa amesomea ujasusi. Chini yake walikuwako wasaidizi waliotoka Kenya Regiment, wengi wao vijana wa masetla. Hebu tazama mpango wenyewe: mwajiri wa Kitson ni jeshi, habari zake zapelekwa kwa polisi, wasaidizi wake ni watoto wa wenye mashamba. Sasa nani mwalimu wao? Hakuna. Kila mmoja alijifunza kazini, na kazini ndiyo katika ngozi za watu.

Katika mashamba ya kahawa na mkonge ya sehemu hizo ikazaliwa mbinu ya magenge ya bandia. Mpiganaji aliyekamatwa aligeuzwa, akavikwa tena matambara yake ya msituni, akarudishwa usiku kwa wenzake pamoja na watu wa serikali, na mara nyingine Mzungu aliyejipaka masizi usoni. Mbinu ilifaulu, na ilipofaulu Kitson akatakiwa awafunze wengine. Baadaye kazi ya namna hiyo ikashikwa na Special Branch, na mtu kama Ian Henderson, aliyekulia Kenya na kukisema Kikuyu, akaitumia katika kumsaka Dedan Kimathi hadi alipokamatwa Oktoba 1956.

Hapa ndipo penye fundo. Mbinu ilikuwa ya askari, ikapita kwa polisi, lakini dhamana ya mbinu haikupita pamoja nayo. Wanajeshi walisema wao wameazimwa tu. Polisi walisema hayo yalianzwa na wanajeshi. Na serikali ikasema ni vita. Wakati huo huo watu waliteswa kambini ili waseme, na tarehe 3 Machi 1959, huku kwetu Hola, wafungwa 11 walipigwa hata wakafa. Ilichukua zaidi ya miaka 50, hadi Juni 2013, Uingereza kutamka majuto yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9. Ni wangapi walikuwa wamekwisha kwenda mbele ya haki?

Na elimu haina mpaka. Mwaka 1958 Kitson, akiwa katika wizara ya vita London, alikuwa mmoja wa waliopanga mashambulio ya Jabal Akhdar huko Oman, nchi ambayo wengi wetu tuna damu yake. Henderson alifukuzwa Kenya mwaka 1964, na kuanzia 1966 akawa mkuu wa usalama wa Bahrain kwa miaka zaidi ya 30. Watu wa huko walilalamika mateso, mwenyewe akikanusha. Kwa hivyo yaliyofunzwa chini ya mibuni ya Kiambu yalifika hadi Ghuba.

Sisi tulipojitawala tuliirithi Special Branch pamoja na tabia zake. James Kanyotu aliiongoza tangu 1965 hadi 1991, na katika miaka ya themanini vyumba vya chini vya Nyayo House vikawa vya kuogofya. Ndipo sheria ya mwaka 1998 ilipowatenga majasusi na polisi: jasusi akusanye habari, polisi akamate. Katiba ya 2010 na sheria ya NIS ya 2012 zikautia nguvu mpango huo, zikataka hakimu wa Mahakama Kuu atoe idhini kabla ya mtu kupelelezwa siri zake, na ikawekwa Bodi ya Malalamiko. Lakini marekebisho ya Desemba 2014 yaliupunguza tena umbali baina ya jasusi na polisi.

Mimi sipingi mafunzo kugawanywa. Fundi wa simu hawezi kumfunza mtu sheria, wala wakili hawezi kumfunza mtu kufungua kompyuta. Ninachokiogopa ni dhamana kugawanywa vipande vidogo mpaka isionekane. Mmoja afunza kusikiliza simu, wa pili afunza kumfuata mtu, wa tatu kuhoji, wa nne kufunga. Na mtoto wa mtu akipotea, kila mwalimu aapa kwamba somo lake lilikuwa safi.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu alitufunza herufi na adabu kwa pamoja. Mwanafunzi akiiba embe sokoni, watu hawakumwendea babake kwanza, walimwendea mwalimu. Naye hakupata kusema, "Mimi nafunza kusoma tu." Tena tulisimuliwa jinsi Sayyidna Umar alivyoparamia ukuta akamkuta mtu na ulevi, na yule mtu akamjibu kwamba yeye amekosa mara moja lakini Khalifa amekosa mara tatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, wala hakubisha hodi. Umar akamwacha. Sura ya Hujurat hiyo hiyo inayokataza kupelelezana ndiyo inayoamrisha habari ya fasiki ichunguzwe kwanza, asije akaonewa mtu asiye na hatia. Sheria ya kazi imo ndani ya kazi yenyewe, haikuwekwa darasa la kando.

Basi kama ningeulizwa, ningesema hivi: kila mbinu iwe na mwalimu mmoja anayejulikana na Bunge, atakayeitwa kujieleza mbinu yake inapoharibu. Na anayefunza kusikiliza simu ndiye huyo huyo afunze idhini ya hakimu, siku ile ile, katika somo lile lile.

Mpwa wangu ameanza masomo. Atajua nyaya na mitambo, na huenda siku moja serikali ikamtaka. Nimempelekea ubeti huu:

Mwalimu unayefunza, mwanafunzi ni dhamana,
Jambo ulilolianza, utaulizwa bayana,
Usiseme sikufunza, na mikono yafanana,
Aliyefunza kuona, afunze na kujichunga.