Pikapu ya Dizeli Hukaguliwa Ingali Baridi

Mwezi uliopita shemeji yangu wa Mtambile alinijia nyumbani Chake Chake baada ya Swala ya Isha, mkononi ameshika bahasha na usoni ana furaha isiyofichika. Ndani ya bahasha ile zilikuwamo fedha za karafuu za msimu uliopita, fedha za mwani aliouza mkewe, na fedha za bangili mbili za dhahabu ambazo mkewe huyo, yaani dada yangu wa tumbo moja, alivalishwa siku ya harusi yake. Walitaka kununua pikapu ya dizeli iliyokwisha tumika. Msimu ukifunguka wawachukulie jirani zao karafuu kuzipeleka kituoni, na msimu ukifungwa wachukue dagaa, saruji, mchanga na abiria wa shamba. Shemeji hakuja kuniuliza anunue au asinunue. Alikuja kunitaka nifuatane naye asubuhi nikashuhudie akilipa.

Niliposikia habari ya bangili nikakosa usingizi, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kununua pikapu kwa macho. Rangi yake ilikuwa nyeupe kama maziwa na viti vyake vilikuwa vimeshonwa upya. Juma la tatu ilitoka bandarini Mkoani na mzigo wa saruji, ikakiendea kile kilima ambacho kila aliyepata kushuka melini pale anakijua. Katikati ya kilima maji yalichemka na silinda hedi ikapasuka. Kipuri hakikupatikana Pemba wala Unguja. Kiliagizwa Dar es Salaam, na siku kumi nilizoahidiwa zikageuka wiki sita. Karafuu zikachumwa, zikaanikwa, zikauzwa, na gari langu liko juu ya mawe. Kwa mtu wa Dar es Salaam gari bovu ni usumbufu wa siku mbili tatu. Kwetu kisiwani, ambako takriban kila kipuri huvuka bahari, gari bovu linaweza kukuchukulia msimu mzima.

Asubuhi tulifika kwa muuzaji saa nne. Gari lilikuwa limeoshwa, tairi zimepakwa mafuta ya kung'arisha, na injini imekwisha zimwa punde tu. Muuzaji alikuwa mwema wa maneno, akatukaribisha kahawa. Nikaweka kiganja juu ya boneti: moto. Nikamwambia shemeji kwa sauti ya kusikika, "Leo tumekuja kuamkiana tu. Gari tutalitazama kesho baada ya Swala ya Alfajiri, na tunaomba lisiwashwe mpaka tufike." Muuzaji akacheka, lakini alicheka kidogo.

Kwa nini alfajiri? Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel alifanikiwa kuikamilisha mwaka 1897, haina cheche. Yenyewe huivuta hewa ndani ya silinda na kuibana mpaka ikabaki kama sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake, na hewa iliyobanwa namna hiyo hupata joto kali kiasi cha kuyawasha mafuta mara tu yanaponyunyizwa. Nguvu yote ya dizeli imo katika kule kubana. Ringi zikilika, silinda zikipanuka, vali zikivuja, hewa hupenya na joto halipatikani. Sasa injini iliyokwisha kupashwa moto hulificha kosa hilo, kwani chuma chenyewe kina joto. Injini iliyolala usiku kucha haifichi kitu.

Basi muuzaji akikukaribisha kwenye gari linalounguruma, mshukuru, unywe kahawa yake, kisha urudi siku nyingine. Na ukiwa mpita njia, chungua gari hilo huegeshwa wapi usiku. Katika kisiwa hiki cha vilima wako wenzetu ambao kila jioni huliacha gari mteremkoni ili asubuhi lishuke lenyewe na kujiwasha. Anayefanya hivyo siku moja huenda betri yake imekufa. Anayefanya hivyo mwaka mzima anajua jambo ambalo hajakuambia.

Alfajiri ya pili tulikwenda watatu, kwani nilimchukua fundi mmoja mzee wa Machomane ambaye amezishika dizeli tangu ujana wake. Ujira wa fundi kwa asubuhi moja ni mdogo sana ukiupima na bahasha ya shemeji, na ni bora fundi huyo awe wako, asiwe wa muuzaji. Akawasha ufunguo nusu, akangoja taa ya plagi za kupashia joto izimike, ndipo akapiga stata. Injini ikakataa. Ikakataa mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne ikashika, ikitikisika kama mtu mwenye homa, na moshi mweupe ukajaa uani.

Moshi una lugha yake. Mweupe unaodumu, wenye harufu ya dizeli inayochoma macho, ni mafuta yasiyoungua: hewa haibanwi sawasawa, au nozeli zimechoka, au plagi za joto zimekufa. Mweupe usio na harufu hiyo, tena rediata ikawa inapungua maji, huashiria maji yanayoingia silinda. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi kidogo unapokanyaga mafuta ghafla si ajabu kwa dizeli ya zamani, lakini mweusi wa kudumu ni chujio la hewa lililoziba au pampu inayomimina kupita kiasi. Plagi za joto na chujio ni matengenezo madogo. Hayo mengine ni fedha nyingi, na fundi mwenye sikio hutofautisha.

Mzee wetu hakutosheka na moshi. Injini ikiwaka, alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza na kukiweka juu ya mdomo wake bila kukifunga. Kwenye injini nzima kifuniko hutulia, au hutetema kidogo tu. Hiki kilirukaruka kama kifuniko cha sufuria ya wali, na mvuke ukatoka nyuma yake kwa mapigo. Maana yake ni kwamba mripuko wa silinda unapita pembeni mwa ringi na kushuka kwenye oili. Kabla ya hapo, injini ikiwa bado imelala, alikuwa amekwisha fungua rediata. (Nakuomba usiifungue kamwe ikiwa ya moto, wako waliobabuka uso.) Maji yalikuwa na rangi ya kutu, dalili kwamba gari lilinyweshwa maji ya kisima miaka mingi. Oili ya kwenye kijiti ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ujue imechanganyika na maji, na hapo huna haja ya kuendelea.

Yapo mawili ya injini ambayo jicho haliyaoni, nayo ni ya kuulizwa. La kwanza ni mkanda wa taimingi. Hilux nyingi zilizoenea kwetu, zenye injini za 2L, 3L na 5L, huendeshwa kwa mkanda huo, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika safarini, pistoni hugonga vali na injini huharibika papo hapo. Muuzaji asiye na ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa, na gharama ya mkanda mpya uiondoe kwenye bei. Wala usiitegemee mita ya kilomita, ambayo hurudishwa nyuma kwa urahisi. Tazama mpira wa pedeli ya klachi na mduara wa usukani, ambavyo husema umri vyenyewe.

La pili ni pampu ya dizeli. Pampu za gari hizi hulainishwa na dizeli yenyewe ipitayo ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Kwa miaka mingi dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa kwa kuwa haya yalikuwa rahisi, hata katika bajeti ya mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa sana ili kuua tamaa hiyo. Gari la umri huo lililofanya kazi Bara huenda liliinywa dawa hiyo. Lisikilize likiwa limepata moto: pampu iliyolika mara nyingi huwaka vizuri asubuhi, kisha hukataa kuwaka upya mchana baada ya safari. Kwa hiyo ukaguzi wa alfajiri peke yake hautoshi. Liendeshe, lizime, ngoja dakika kumi, uliwashe tena.

Mpaka hapo shemeji alikuwa bado na matumaini. "Injini hutengenezwa, shemeji," aliniambia. Ni kweli, na laiti ubaya ungekuwa wa injini tu ningemwachia ajadiliane bei. Lakini fundi alitandika jamvi chini, akalala chali na tochi yake, akaingia chini ya gari.

Hapa ndipo ninapotaka ewe msomaji wa Pemba ukae sana. Gari la kisiwani haliuliwi na kilomita, huuliwa na chumvi. Fikiri kazi zake: hubeba mwani ukiwa bado unatiririka, hubeba dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi, huingia ufukweni kuchukua mchanga na samaki. Maji yale hupenya matundu ya bodi, hudondokea fremu, huingia ndani ya fremu ambayo ni bomba lenye uwazi, hukaa humo pamoja na matope. Kutu huanzia ndani. Nje utaona chuma kizima mpaka siku kinapokatika. Mahali pa kutazamwa ni nyuma ya kibanda cha dereva, ambapo fremu hubeba uzito wote mzigo unapozidi. Vikalio vya springi za nyuma. Mabomba membamba ya breki yanayofuata fremu. Na sakafu chini ya zulia la dereva. Ukikuta springi zimeongezwa mabamba kuliko zilivyotoka kiwandani, ujue gari lilitumwa kama punda, na hapo nyufa zitafutwe kwa makini zaidi.

Kisha jihadhari na rangi nyeusi. Chini ya gari lile palikuwa peusi, papya, panang'aa, na shemeji alipopaona alipasifu. Gari la miaka ishirini na zaidi halina sababu ya kuwa na tumbo jipya. Fundi aligonga fremu kwa spana akienda nayo pole pole kutoka mbele, na ilikuwa ikiitika kwa mlio mkali wa chuma. Alipofika nyuma ya kibanda mlio ukafifia, kama anayegonga gome la mti uliooza. Akachukua bisibisi, akasukuma bila nguvu nyingi. Bisibisi likazama hadi kwenye mpini. Akalichomoa, akatoka, akamkabidhi shemeji bila kusema neno, na shemeji akasimama nalo mkononi huku kutu ikimdondokea viatuni.

Muuzaji akapunguza shilingi milioni moja pale pale. Nilimwona shemeji akipiga hesabu, na nikamwambia wazi nisilolionea haya: injini iliyochoka ina bei yake, lakini fremu iliyooza chini ya abiria haina bei. Vibandiko vya kuchomelea vitashika mpaka siku pikapu ina watu kumi nyuma yake na inateremka kilima. Tukaagana kwa heri na muuzaji, kahawa yake tukainywa.

Wiki iliyofuata tulipata nyingine huko Wete. Haikupendeza, mlango mmoja una rangi yake peke yake na bodi limejaa mikwaruzo. Lakini iliwaka kwa stata ya kwanza ikiwa baridi kabisa, kifuniko cha oili kilitulia, fremu iliitika mwanzo mpaka mwisho, na mwenyewe alikuwa na daftari la kila oili iliyobadilishwa. Tuliipandisha vilima vya barabara ya Chake Chake ikiwa na watu sita na magunia ya mchanga. Klachi haikuteleza, sindano ya joto haikupanda, na ilipozimwa kilimani breki ya mkono iliishika. Tukaipumzisha, ikawaka tena.

Tatizo lilikuwa kwenye kadi. Namba ya fremu na ya injini zililingana na zilizoandikwa, lakini jina lilikuwa la baba wa muuzaji, ambaye amefariki. Muuzaji alisema ndugu zake wote wameridhia. Huenda ni kweli. Hata hivyo gari la marehemu ni mali ya warithi wote, na mrithi mmoja aliyeko Muscat au Mombasa akija kesho na dai lake, sheha aliyeshuhudia karatasi ya mauzo hataweza kumzuia. Kwa hiyo tumeomba mirathi ipitishwe kwanza katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo husimamia mirathi za Waislamu Zanzibar, kisha kadi ibadilishwe jina Mamlaka ya Mapato, ndipo fedha zitoke. Muuzaji amekubali, akachukua amana ndogo mbele ya sheha.

Shemeji hulalamika kila Ijumaa tunapokutana, kwamba mikarafuu ya Mtambile imeanza kutoa vikonyo na yeye bado anatembea kwa miguu. Bahasha iko kwenye sanduku la dada yangu, na ufunguo anao yeye.